Unarekebisha nyumba? Acha njia ya faiba kabla fundi hajapiga lipu

Hii ni kwa mnaorekebisha nyumba saa hizi, iwe hapa Arusha kwa Njiro, Moshono, Sakina au kule Moshi upande wa Rau na Soweto, na faiba kwenu bado haijafika au imefika nguzo ya jirani ikaishia hapohapo. Ukuta uko wazi, fundi umeme ameshachana mistari na grinda, vumbi mpaka kwenye chai, na hamna mtu anayewaza intaneti kwa sababu hela na akili zote ziko kwenye marumaru na jipsamu. Hapo ndo pa kushtuka. Maana faiba ikija nyumba ikiwa imeshapakwa rangi, vijana wa kampuni wanashuka na drili yao, wanatoboa ukuta wa sebuleni karibu na dirisha kwa sababu ndo pafupi kutoka nje, kebo inagongelewa vipini juu ya rangi mpya, rauta inakaa nyuma ya tivii kwenye kona ya mwisho ya nyumba, wanakupa karatasi unasaini wanaondoka. Chumba cha nyuma wai-fai inafika imechoka. Na huwezi kuwalaumu sana, wewe mwenyewe hukuwaachia pa kupita.

Msimamo wangu nauweka mapema ili anayetaka kubishana abishane sasa: kwa faiba usizike waya ukutani, zika paipu tupu yenye kamba ndani. Kuna watu wananunua faiba kabisa wanaifukia wanasema wamejiandaa, ila kampuni ikija inakuja na kebo yake, inataka kipande kimoja kutoka boksi la nguzoni mpaka ndani bila viungo vya katikati, na hiyo ya kwako fundi wao hajui imekunjwa wapi wala nani aliivuta, kwa hiyo mara nyingi ataiacha kama ilivyo. Af faiba ni uzi wa kioo wenye kipenyo cha 0.125 mm. Ukivunjika ndani ya lipu, au msumari wa kutundikia picha ukaukuta, hapo ni kubomoa. Paipu tupu haina cha kuvunjika, na siku wakileta kebo ya aina nyingine kabisa bado itapita humohumo.

Kidogo tu kuhusu kinachokuja, ili ukiongea na fundi usiyumbishwe. Mkongo wa Taifa ulianza kujengwa 2009, mwaka uleule kebo ya baharini ya SEACOM ilipotua Dar, kwa hiyo faiba kupita mikoani sio habari mpya, kinachochelewa ni kipande cha mwisho cha kutoka barabara kubwa kuingia mtaani kwenu. TTCL wana yao wanaiita Faiba Mlangoni Kwako, na kampuni binafsi nazo zinavuta zao, ndo maana usiipange nyumba kwa kufuata kampuni moja. Mfumo unaotumika sana majumbani unaitwa GPON, uzi mmoja unagawanywa kwenye kiboksi kisichotumia umeme kwenda nyumba 32 au 64, kila nyumba na uzi wake. Kebo itakayokuja kwako ni ile nyeusi bapa, katikati kuna kioo, pembeni nyuzi mbili za kuipa nguvu, na mara nyingi juu yake kuna waya wa chuma wa kuibeba hewani. Ndani inaishia kwenye kifaa kinaitwa ONT ambacho kinaugeuza mwanga kuwa intaneti ya waya wa kawaida, na ONT nyingi siku hizi zina wai-fai humohumo.

Hatua ya 1: Chagua kituo cha nyumba

Kabla ya kununua hata mita moja ya paipu, amua sehemu moja ambayo kila kitu kitaishia. Mimi napenda koridoni, katikati ya nyumba, juu kidogo ya usawa wa kichwa, au kwenye stoo kavu iliyopakana na korido. Jikoni hapana, mvuke na mafuta. Ukuta wa bafu hapana. Na usikubali fundi akushawishi uweke ndani ya boksi la meini swichi eti "si vyote ni umeme bosi", lile ni la umeme wa TANESCO na lina hatari yake, hili ni lingine.

Acha tundu ukutani au panga kabati dogo la kama sentimita 40 kwa 50, kina cha sentimita 12 hivi kinatosha. Mlango uwe wa mbao au plastiki na uwe na matundu ya hewa, kwa sababu kabati la chuma likifungwa linaiua wai-fai na joto linabaki humohumo. Mwenye nyumba mwenzako akisema hataki kuona vitaa vya kijani vinamwekamweka usiku kucha koridoni, mwambie mlango upo. Darini moja kwa moja chini ya bati pia sio mahali, mchana wa Januari kule juu hapakaliki, na vifaa hivi havipendi kuokwa.

Hatua ya 2: Njia ya kutoka nje mpaka kituoni

Hapa ndo pana kazi. Weka milango miwili, mmoja wa juu na mmoja wa chini, kwa sababu hujui kampuni itakayokuja mtaani kwenu itapita nguzoni au itachimba.

Ya juu ni rahisi. Angalia nguzo ziko upande gani wa nyumba, upande huohuo piga paipu ianzie nje chini ya fisha bodi, ule ubao wa ukingoni mwa paa, ipite darini, ishuke ndani ya ukuta mpaka kituoni. Mdomo wa nje uangalie chini. Ukiangalia juu au pembeni, masika ya Machi mpaka Mei itakufundisha. Ukutani, kwenye zege la lenta na sio kwenye mbao, chimbia ndoano imara ya chuma ya kushikia kebo, maana kebo ya hewani ikipigwa na upepo inavuta kweli na fisha bodi ikilegea inang'oka na misumari yake. Usiweke ndoano hiyo karibu na pale waya wa TANESCO unapoingia, acha nafasi ya kutosha mtu kusimama na ngazi bila kuugusa.

Kitu kimoja ambacho wengi hawakijui: ule waya wa chuma wa kubebea kebo unatakiwa uishie pale kwenye ndoano, nje. Kinachoingia ndani ni ile sehemu bapa tu. Kioo chenyewe hakipitishi umeme, ndo raha ya faiba, radi ikipiga huko bondeni haiji kupitia kwenye kioo, ila chuma ukikiingiza mpaka kabatini umeshaifungulia mlango. Siku ya kufungiwa simamia hilo mwenyewe.

Ya chini ni mtaro. Kutoka kwenye ukuta wa geti mpaka ukuta wa nyumba laza paipu nyeusi ya maji, ile ya HDPE, ya 32 mm. Chimba sentimita 45 mpaka 60, na udongo wetu huu wa chini ya Meru mtaro wa futi mbili unaweza kula siku nzima kwa sababu kila ukipiga sururu unakuta jiwe, kwa hiyo mwaga mchanga kidogo chini na juu ya paipu kabla ya kurudishia, jiwe lenye ncha likikandamizwa na gari linaibana paipu taratibu mpaka inakuwa bapa. Juu yake, nusu ya kina, tandaza ule utepe wa rangi wa kuonya wachimbaji, na kama huna tandaza hata mfuko wa saruji uliochanika, mtu akija kuchimba shimo la choo miaka mitano ijayo aone kuna kitu. Kama kwenye mtaro huohuo kuna waya wa umeme wa taa za geti, weka umbali wa sentimita 30 kati yao. Pale getini jenga kishimo kidogo cha ukaguzi, sentimita 30 kwa 30 na mfuniko wake, paipu iishie humo, na mteremko uende kule getini ili maji yakiingia yatoke nje yasielekee nyumbani.

Halafu ziba. Ziba midomo yote hata kama unaona leo hamna kitu. Paipu iliyo wazi nje kwa miezi sita ina wenyeji wake: nyigu wanaojenga kwa udongo wanaweka kitonge kigumu kama tofali, sisimizi wanajaza mchanga, na panya akishaijua njia hiyo ataitumia na siku moja atatafuna kebo. Kipande cha stilwaya ya kusugulia sufuria kinasukumwa ndani, juu yake silikoni kidogo, panya hapiti hapo. Usitie silikoni nyingi ya kushindwa kuitoa.

Ukiniuliza ukiwa na hela ya mlango mmoja tu, nitasema wa juu, mitaa yetu mingi nguzo ndo zinatumika. Isipokuwa kama mwaka huu unaweka pevingi uani. Hapo piga paipu ya chini kwanza hata kama hujui itaenda wapi, kwa sababu kufumua pevingi halafu zirudi zikakaa sawa ni maneno ya fundi tu.

Nyumba za zamani, zile za Shanty Town pale Moshi au Sekei na Kaloleni huku Arusha, kagua kwanza kama kuna paipu ya simu ya mezani. Wengi walikuwa na simu za waya na njia yake bado ipo, kiboksi kidogo cha rangi ya maziwa nyuma ya kabati. Vuta ule waya wa zamani pole pole, ukisogea umeshapata njia ya bure, unafungia kamba mpya nyuma yake unavuta inaingia. Ukigoma achana nao, usivute kwa hasira.

Hatua ya 3: Paipu zenyewe, kona, kamba

Chukua paipu laini ya PVC ya umeme, 25 mm. Fundi atakwambia 20 inatosha na kwa waya wa soketi inatosha kweli, ila kebo nyingine za faiba zinakuja na kichwa kimefungwa tayari kutoka kiwandani, kile kidude cha kijani, sio kinene sana ila ni kirefu na kigumu, kwenye kona ya paipu ya 20 kinakwama na huwezi kukisukuma wala kukirudisha. Tofauti ya bei ya 20 na 25 ni ndogo ukilinganisha na kubomoa. Na ile paipu ya mikunjomikunjo usiikubali kwa safari ndefu, ndani ni ngazi tupu, kila kichwa cha kebo kinagonga.

Kona. Zile elibo za dukani za digrii tisini zilizokatwa kali usizinunue kabisa kwa kazi hii. Paipu ikunjwe kwa springi, fundi umeme yeyote anayejua kazi anayo, anaiingiza ndani ya paipu anakunja gotini taratibu, unapata mviringo mpana usiopungua kama sentimita 15 za nusu kipenyo. Watakuambia faiba za siku hizi zinavumilia kukunjwa, na ni kweli, zile za daraja la G.657.A2 zinaruhusu nusu kipenyo cha mpaka 7.5 mm, G.657.A1 ni 10 mm, za zamani za G.652 ilikuwa 30 mm. Hizo ni namba za uzi wa kioo uliolazwa umetulia. Kebo nzima na ganda lake, inavutwa na mtu mwenye haraka, ni habari nyingine kabisa.

Kati ya boksi na boksi usizidishe kona mbili. Ukiona njia inataka ya tatu, weka boksi la kuvutia hapo katikati, lifunike na kifuniko tupu kisicho na tundu, lipake rangi ya ukuta kama linakukera. Watu wanachukia vile vifuniko, wanasema vinaharibu ukuta. Sawa, ila hiki kitu kitakuja kukuokoa.

Kamba iwe ya nailoni. Fundi wengi wanapenda kutupia baindingi waya kwa sababu ipo tayari kwenye saiti, inabaki ya kufungia nondo, lakini inashika kutu, ikikaa miaka miwili inashikana na ukuta wa paipu na ukiivuta inakwangua. Acha mita moja ya ziada kila upande, kila ncha uifunge kwenye kijiti kinene kuliko paipu ili isije ikavutwa ikazama. Mtoto akiona kamba inaning'inia ataivuta, hilo halina mjadala.

Na mdomo wa paipu ndani ya boksi uzibwe na tepu kabla mwashi hajaja. Kuna nyumba Kijenge paipu zilipigwa safi, kona pana, mabosi wote wameridhika, halafu Jumamosi mwashi akaja kupiga lipu na spidi ya kumaliza mapema. Boksi la koridoni lilikuwa wazi. Saruji iliyoingia haikuzidi kijiko, ikateremka mpaka kona ya kwanza ikakaa pale ikakauka ikiwa imeishika kamba. Jumatatu ukivuta kamba inakuja vidole viwili inarudi. Ikabidi ukuta uchanwe tena sentimita 40, na rangi ya skimu hapo mpaka leo ukikaa kwa pembe unaiona.

Kamba ikipotea bila saruji kuingia, usikate tamaa. Chukua kipande cha sponji kinachoenea kwenye paipu kwa kulegea, kifunge uzi mwepesi wa cherehani, upande wa pili weka mashine ya kufyonza vumbi uzungushie kitambaa isivuje, washa, uzi unafika kabla hujahesabu tano. Zamani watu walitumia mfuko wa rambo, toka ile marufuku ya Juni 2019 sponji ndo mkombozi. Uzi ukishafika unafungia kamba.

Hatua ya 4: Kutoka kituoni kwenda vyumbani

Faiba inaishia kituoni. Kutoka hapo kwenda vyumbani ni waya wa shaba, na huu unaweza kuuvuta sasa hivi, ingawa bado nakwambia upite ndani ya paipu ili siku ukichoka nao uuvue.

Kanuni ni moja, kila tundu na waya wake mpaka kabatini. Fundi umeme kazoea soketi, anatoka hii anaingia ile anaendelea, na kwa umeme ndo inavyofanyika kwa hiyo ataleta mazoea hayo huku.

"Bosi, hapa si naunga tu naendelea chumba cha pili?"

"Usiunge fundi. Kila kimoja kirudi kabatini peke yake, hata kama waya unakuwa mrefu."

Atalalamika kidogo kuhusu mita. Mwache alalamike, urefu mpaka mita 100 hauna shida na nyumba yako haifiki huko.

Weka wapi? Nyuma ya tivii weka tundu mbili, moja ya tivii na moja ya kisimbuzi au gemu. Meza ya kazi moja au mbili. Darini katikati ya sebule au mwisho wa korido weka moja ya kifaa cha kusambaza wai-fai, kile cha duara kinachobandikwa darini, kinapata umeme wake kwa waya huohuo kwa mfumo wa PoE kwa hiyo hakihitaji soketi juu. Nyumba ya ghorofa weka kimoja kila sakafu, zege la katikati linaikata wai-fai ya 5 GHz karibu yote, ile ya 2.4 inapenya kiasi ila ni ya polepole na majirani wote wako humo. Hata ukuta wa tofali za inchi sita ukishapita miwili unaona mabadiliko kwenye simu.

Sasa waya wenyewe, hapa ndo watu wanapigwa. Madukani kuna maboksi yameandikwa Cat6 kwa herufi kubwa na ndani ni alumini iliyopakwa shaba juu kama rangi ya kucha. Kwenye boksi au kwenye ganda la waya utaona herufi CCA, hiyo ndo alama yake, ila wengine hawaandiki. Omba wakukatie kipande, menya uzi mmoja, kwangua na kisu: ikiwa nyekundu mpaka ndani ni shaba, ikitokea nyeupe rudisha. Pia ukunje upande huu na huu, alumini inakatika mapema. Na liinue boksi, la mita 305 la shaba lina uzito wa kueleweka. Waya wa alumini unapasha joto ukiupitishia PoE na vichwa vyake vinalegea baada ya muda, intaneti inakuja inapotea na hujui mchawi nani. Kati ya Cat5e ya shaba halisi na Cat6 ya alumini, mimi nachukua Cat5e bila kufikiria, inabeba gigabiti moja vizuri mita 100, na milango ya ONT nyingi za majumbani ni gigabiti moja hiyohiyo. Ukipata Cat6 ya shaba ni bora zaidi, inaweza gigabiti kumi kwa mita 55.

Kwenye kufunga vichwa chagua mpangilio mmoja na uutumie nyumba nzima pande zote mbili. Huku wengi wanatumia T568B: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Uandike kwenye mlango wa kabati kwa ndani, fundi wa kesho asianze kubahatisha.

Umbali na umeme: zikienda sambamba acha sentimita 30, zikikutana zivuke kama msalaba. Paipu moja na waya wa umeme usiweke kamwe, hata kipande kifupi, hata kama fundi anasema amefanya hivyo nyumba kumi.

Kama una nyumba ndogo ya nje au banda la mlinzi unataka liwe na intaneti, usivute shaba kutoka nyumba kubwa. Radi za huku tunazijua, na majengo mawili yenye ardhi tofauti yakiunganishwa kwa shaba yanaunguziana vifaa. Acha paipu kati yao, siku ikifika vuta faiba fupi na vibadilishi viwili vya mwanga.

Hatua ya 5: Umeme wa kabatini

Soketi mbili za pacha, yaani matundu manne ya pini tatu, fundi mwenye leseni ya EWURA azifunge na earthi iwe ya kweli. ONT na rauta nyingi zinatumia volti 12 tu, kwa hiyo kile kijiUPS kidogo cha DC, yaani kibetri cha akiba, kinatosha kuziendesha masaa kadhaa, na kwa sababu kile kigawanyio cha GPON hakitumii umeme, TANESCO wakikata mtaa mzima faiba yako inaendelea mradi kituo cha kampuni kina umeme wa akiba. Soma tu volti kwenye kibandiko cha kila kifaa, kuna rauta za 9 na za 5, pini zinafanana na ukichanganya umekwisha.

Hatua ya 6: Kabla ya lipu

Piga picha kila ukuta, futi kamba ikiwa imenyooshwa kutoka sakafuni mpaka kwenye paipu, nyingine kutoka kona ya chumba. Simu ikiibiwa je? Zitume kwenye imeili au kwa ndugu. Andika kila ncha ya waya kwa maka, namba ileile pande zote, maana ukishakuwa na nyaya kumi nyeupe zinafanana zote na kuzitafuta kwa kipimaji ni asubuhi nzima.

Vuta kamba zote, ikiwezekana fungia kitambaa kidogo kipite mwanzo mpaka mwisho. Rudia baada ya lipu, rudia tena baada ya marumaru na jipsamu, kwa sababu fundi jipsamu naye ana skrubu ndefu na hajui paipu yako iko wapi. Nyaya za shaba zipimwe kwa kile kipimaji cha taa nane, taa ziwake kwa mpangilio, moja ikiruka rudia kichwa kabla ya kulipa mtu yeyote. Malizia malipo ya fundi baada ya kamba ya mwisho kutembea, sio kabla.

Hatua ya 7: Siku faiba ikifika

Wapokee nje, usiwasubirie sebuleni. Waoneshe ndoano, mdomo wa paipu na kabati, wakisema "mzee, tungetoboa tu hapa ni dakika kumi" wajibu kwa upole kwamba njia ipo na kamba ipo, wavute. Akikata kebo muombe aache mita moja au mbili za ziada zizungushwe kwa mduara mpana ndani ya kabati, kichwa kikiharibika siku moja atakuwa na cha kukatia. Kichwa cha kijani ni SC/APC na kinaingia kwenye tundu la kijani, cha buluu ni kingine na vikichanganywa mwanga unapotea. Usichungulie ncha ya faiba na watoto wasichungulie, mwanga wake hauonekani kwa macho ila unaweza kuumiza.

Kabla hajafunga begi mwambie akuoneshe nguvu ya mwanga kwenye ONT au kwenye kipimo chake. Kwa GPON ya kawaida inatakiwa iwe kati ya -8 na -27 dBm, ikisoma -26 iko ukingoni kabisa, usimwachie aondoke, huenda kuna kona imebana au kichwa kichafu, afute, akate upya, apime tena.

Na wakati anavuta kebo yake kwa kamba yako, hakikisha amefungia kamba nyingine mpya pembeni ya kebo iingie nayo. Wengi hawafanyi mpaka waambiwe. Uwe na mita 30 za nailoni mfukoni siku hiyo.